Sanduku la Maswali: Kinachoichakaza Betri ya Kompyuta Mpakato

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu betri za kompyuta mpakato, na nyingi kati yake zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: je, niache waya umechomekwa au niuchomoe? Nimechagua nane, nikazifupisha bila kubadili maana. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu majibu mengine yanaiegemea, hivyo msomaji mwenye haraka asiiruke.

Ndugu Mhariri, mimi ni mfasiri na kazi yangu yote naifanyia mezani. Kompyuta yangu hukaa kwenye umeme kuanzia asubuhi hadi usiku, na mara nyingi hata ninapolala siichomoi. Mwenzangu kazini ananiambia naiua betri kwa kuishindilia umeme, na kwamba yanipasa kuchomoa waya kila inapofika asilimia 100. Mwenzangu mwingine anasema nikichomoa na kuchomeka mara kwa mara ndipo ninapoiua. Nimfuate nani?

Ndugu msomaji, kila mmoja kati ya hao wawili ameshika kipande cha ukweli, lakini sababu anayoitoa siyo yenyewe.

Tuanze na hofu ya kushindilia. Ndani ya kompyuta kuna saketi ndogo inayosimamia uchaji, na betri ikishajaa, saketi hiyo hukata mkondo unaokwenda kwenye betri. Kuanzia hapo umeme wa chaja huiendesha kompyuta moja kwa moja huku betri ikiwa imekaa kando. Ikipungua asilimia chache yenyewe, huongezewa kidogo, kisha mkondo hukatwa tena. Kwa hiyo hakuna umeme unaomiminwa mle usiku kucha, na katika kompyuta nzima, yenye chaja inayoifaa, hofu ya betri kujazwa kupita kiasi haina msingi.

Kinachoidhuru ni kingine, nacho hufanyika kimya: ni kule kukaa ikiwa imejaa, siku baada ya siku, hasa penye joto. Betri hizi hufanya kazi kwa kuhamisha ioni za lithiamu, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, kati ya pande mbili. Unapochaji, ioni hutoka upande wenye oksidi ya metali, kama vile kobalti au nikeli, zikaenda kujipenyeza katikati ya matabaka ya grafiti upande wa pili. Unapotumia, hurudi zilikotoka. Seli, yaani kimojawapo cha vipande vinavyounda betri, ikijaa huwa na takriban volti 4.2, ilhali iliyofika nusu huwa karibu na volti 3.7. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini kwa kimiminika kilichomo kati ya pande hizo mbili ni kubwa, kwa kuwa kadiri volti zinavyopanda ndivyo kinavyozidi kuvunjika kikemia. Juu ya grafiti hujengeka utando mwembamba ambao mwanzoni una manufaa, maana huikinga grafiti isishambuliwe. Tatizo ni kwamba utando huo huendelea kunenepa mwaka hadi mwaka, na kila unaponenepa humeza lithiamu ambayo ingekuwa kazini. Lithiamu iliyomezwa hairudi. Ndiyo maana betri ya kompyuta ambayo haijapata kuondolewa kwenye umeme huzeeka vilevile, wakati mwingine haraka kuliko ile inayotembezwa kila siku.

Joto huyazidisha yote hayo. Katika jedwali la Battery University, tovuti inayofundisha kuhusu betri, ambalo hunukuliwa sana, betri iliyohifadhiwa mwaka mzima katika nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa na asilimia 40 ya chaji hubakiwa na takriban asilimia 96 ya ujazo wake, yaani kiasi cha umeme inachoweza kubeba, ilhali iliyohifadhiwa katika joto hilohilo ikiwa imejaa hubakiwa na asilimia 80. Zipeleke zote mbili kwenye nyuzi 40, ya kwanza itashuka hadi asilimia 85 na ile iliyojaa itashuka hadi 65. Itazame vizuri hiyo namba ya mwisho: zaidi ya theluthi ya betri imekwenda katika mwaka mmoja bila mtu kuitumia. Na nyuzi 40 si jambo la ajabu ndani ya kompyuta inayofanya kazi.

Mwenzako wa pili anaogopa mizunguko ya kuchaji. Mzunguko mmoja huhesabiwa pale jumla ya chaji uliyotumia inapofika asilimia 100, wala si kila unapochomeka waya. Ukitumia asilimia 50 leo ukachaji, na kesho ukatumia 50 nyingine, huo ndio mzunguko mmoja. Betri nyingi za kompyuta mpakato hutarajiwa kubakiwa na asilimia 80 hivi ya ujazo wake baada ya mizunguko kati ya 300 na 500, na zipo zilizoundwa kuvumilia zaidi. Apple, kwa mfano, hutaja mizunguko 1000 kwa MacBook za miaka ya karibuni. Kuchomeka na kuchomoa peke yake hakuongezi hesabu hiyo. Kinachoiongeza bure ni kusubiri ijae, kuichomoa, kuitumia mpaka ikaribie kuisha, kisha kuijaza tena, mara mbili kwa siku, ilhali umeme upo hapo ulipoketi.

Kwa mtu wa mezani kama wewe, lililo bora ni kuiacha kompyuta kwenye umeme lakini kuizuia betri isijae. Kompyuta nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye kiwango fulani, mara nyingi asilimia 80. Katika baadhi ya kompyuta za ASUS utakuta programu yenye chaguo za 60, 80 na 100. Lenovo wanayo hali ya kuhifadhi betri ndani ya programu yao ya mipangilio. Kwenye baadhi ya kompyuta za Dell na HP chaguo hilo limo katika BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka. Na MacBook hujifunza ratiba yako ikachelewesha kujaza mpaka unapokaribia kuhitaji. Washa mpangilio huo leo, kisha uusahau. Siku utakayosafiri uondoe, ujaze mpaka 100 asubuhi hiyo, uondoke. Betri kuwa imejaa kwa saa chache haina neno. Kinachogharimu ni kuwa imejaa kwa miezi.

Ikiwa kompyuta yako ni ya zamani na haina mpangilio huo, usijitwishe kazi ya ulinzi. Chagua wakati mmoja wa siku, tuseme baada ya chakula cha mchana, uchomoe waya na kuendelea na kazi mpaka ifike asilimia 40 au 50, kisha uchomeke tena. Tena usiku, kwa kuwa huitumii, izime na uiondoe kwenye umeme.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni na nimenunuliwa kompyuta mpya. Aliyeniuzia amesema niichaji kwa muda wa saa kumi na mbili kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, na baada ya hapo nisiichaji kamwe mpaka izimike yenyewe. Nimefanya hivyo kwa miezi miwili. Je, niendelee?

Marahaba mwanangu. Usiendelee. Aliyekuuzia hakukudanganya kwa makusudi; amekupa kanuni iliyokuwa sahihi kwa betri za aina nyingine, ambazo kompyuta yako haina.

Betri za nikeli na kadimiamu, zilizobuniwa na Waldemar Jungner wa Uswidi mwaka 1899, zilitumika pia katika kompyuta mpakato za miaka ya 1980. Hizo zilikuwa na tabia ambayo watu waliiita kumbukumbu: ukizichaji mara kwa mara kabla hazijaisha, volti zake zilianza kushuka mapema, kana kwamba betri imezoea kuishia pale ulipokuwa ukiikatiza. Dawa yake ilikuwa kuiishiza kabisa, kisha kuijaza kwa saa nyingi. Mwaka 1991 Sony ilianza kuuza betri ya ioni za lithiamu, na baadaye aina hiyo ikachukua nafasi ya nyingine katika kompyuta mpakato. John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, ambao kazi zao ndizo zilizoizaa, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Betri imebadilika, lakini wosia wa betri ya zamani umebaki midomoni mwa watu na unarithishwa kwa kila mnunuzi.

Kwa betri yako, kuishiza mpaka izimike ni mzigo. Kadiri unavyoikamua ndivyo kila mzunguko unavyoichosha zaidi, na betri inayotumiwa kati ya asilimia 30 na 80 huishi muda mrefu kuliko inayopelekwa kutoka 100 hadi sifuri. Unapoona imekaribia 20 au 30 na umeme upo, chomeka. Ukipata nusu saa tu ya umeme kati ya vipindi viwili, chomeka nusu saa hiyo. Chaji za kidogo kidogo hazina dhara lolote.

Hiyo nusu saa, kwa kweli, ndiyo yenye tija zaidi. Uchaji unafanana na kujaza mtungi wenye shingo nyembamba: mwanzoni unamimina kwa nguvu, na maji yakikaribia shingo inabidi umimine taratibu yasimwagike. Kuanzia chini hadi kama asilimia 80 chaja hupeleka mkondo mkubwa, na baada ya hapo saketi huupunguza hatua kwa hatua, hata asilimia 20 za mwisho zikachukua muda mrefu usiolingana na udogo wake. Mwanafunzi anayekimbilia darasani akiwa na 80 hajapoteza kitu kikubwa.

Kuhusu zile saa kumi na mbili za kwanza, hazikuwa na faida wala madhara. Betri hutoka kiwandani ikiwa na chaji kiasi, na unaweza kuitumia siku hiyohiyo.

Neno moja zaidi, maana umesema unaiacha izimike. Kompyuta inapozima kwa kuishiwa, betri bado ina akiba ndogo iliyowekwa makusudi ili seli zisishuke hadi mahali pa hatari. Ukiiacha katika hali hiyo wiki kadhaa bila kuichaji, akiba hiyo huvuja yenyewe, volti zikashuka kupita kiwango salama, na saketi ya ulinzi inaweza kukataa isichajiwe tena. Betri nyingi zinazosemwa kuwa zimekufa ghafla zimekufa hivyo, ndani ya begi, wakati wa likizo.

Mhariri, ninaandika hadithi na ninaandikia kitandani, kompyuta ikiwa juu ya blanketi na waya umechomekwa. Imepata joto sana hivi karibuni, na feni inavuma kama inataka kuruka. Chaji nayo inaisha haraka kuliko zamani. Je, mambo haya mawili yanahusiana?

Yanahusiana sana, na barua yako ndiyo iliyonigusa kuliko zote, kwa kuwa nimewahi kupoteza betri kwa namna inayokaribia hiyo. Meza yangu ilikuwa karibu na dirisha. Kila alasiri jua lilikuwa likinipata usoni, nikawa nahamisha kiti na kuiacha kompyuta palepale, imechomekwa, imejaa, jua likiipiga upande wa kushoto ambako betri ilikuwa. Baada ya miaka miwili haikumaliza saa moja nje ya umeme, na nilipoangalia hesabu ya mizunguko nilikuta haijafika hata mia. Sikuwa nimeitumia. Nilikuwa nimeianika.

Geuza kompyuta yako utazame tumboni mwake. Utaona matundu madogo yaliyopangwa kwa mistari. Hapo ndipo feni inapovuta hewa ya kupoza, nayo hewa moto hutokea ubavuni au nyuma, karibu na bawaba. Ukiiweka juu ya blanketi, kitambaa huziba matundu ya kuvuta, feni ikazunguka kwa nguvu bila kupata hewa, na joto la kichakato, yaani ubongo wa kompyuta, likasambaa mpaka kwenye betri iliyo sentimita chache pembeni. Kwa kuwa wakati huohuo unachaji, na kuchaji kwenyewe huzaa joto, betri inapikwa kutoka pande mbili. Nyuzi za blanketi pia huvutwa ndani, zikashikamana na vumbi mpaka zikafanya kama kipande cha sufi mbele ya njia ya hewa. Mpelekee fundi aifungue na kuisafisha. Baada ya hapo huenda ukashangaa jinsi feni ilivyonyamaza.

Sikuambii uache kuandikia kitandani. Tafuta kitu kigumu na bapa, ubao mwembamba au sinia pana, ukiweke chini ya kompyuta ili matundu yapumue. Kama kazi yako siku hiyo ni maandishi tu, andika bila kuchaji, kisha uchaji ukiwa umeiweka mezani. Weka kiganja chako chini yake mara mojamoja: ikiwa huwezi kukiacha pale kwa raha, hata betri haina raha. Apple hupendekeza kompyuta zake zitumike penye hewa ya nyuzi kati ya 10 na 35, na hicho ni kipimo kizuri kwa kompyuta yoyote. Usiiache kamwe ndani ya gari lililofungwa juani. Na ikiwa unaishi penye baridi kali, jua kwamba kuchaji chini ya nyuzi sifuri nako ni hatari, kwani lithiamu hushindwa kuingia ndani ya grafiti ikajipaka juu yake kama metali. Iache kwanza ipate joto la chumba ndipo uichomeke.

Chaja niliyopewa na kompyuta imekatika waya. Ndugu yangu ana chaja ya simu yenye tundu la USB-C linaloingia kwenye kompyuta yangu. Je, itaharibu betri?

Ikiwa kompyuta yako inachajiwa kwa tundu hilo la USB-C na chaja ni ya kiwango kinachokubalika, haitaiharibu, kwa kuwa vyombo hivyo viwili huzungumza kwanza na kukubaliana volti zitakazotumika: 5, 9, 15 au 20. Tatizo litakuwa ni udogo. Chaja ya simu yenye wati 18 haiwezi kushibisha kompyuta inayotaka 65, kwa hiyo itachaji polepole mno, au itakataa, au utaona asilimia zinashuka ukiwa umechomeka, kwa kuwa kompyuta inatumia zaidi ya inacholetewa. Kwa usiku, kompyuta ikiwa imezimwa, inaweza kukufaa kwa dharura.

Chaja zenye pini ya mviringo zinahitaji umakini zaidi, maana hizo nyingi hazizungumzi na kompyuta. Soma kibandiko kilicho tumboni mwa chaja yako iliyoharibika. Volti za chaja mpya lazima zilingane na zilizoandikwa pale, ilhali ampea zinaweza kulingana au kuzidi, kwa sababu kompyuta huchukua kiasi inachohitaji tu. Ampea zikipungua, chaja ndiyo itakayopata moto. Na waya uliochubuka usiuzungushie utepe ukaendelea kuutumia kitandani au karibu na mapazia.

Kompyuta yangu ikifika asilimia 30 inazima ghafla. Fundi mmoja amesema betri imekufa, mwingine amesema niirekebishe kwa kuiishiza na kuijaza. Nitajuaje ukweli?

Kwanza pima. Ukiwa unatumia Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, ubonyeze kitufe cha Enter. Mfumo utaandika ripoti na kukuonyesha mahali ilipohifadhiwa. Ifungue kama unavyofungua ukurasa wa intaneti. Tafuta mistari miwili iliyofuatana: wa kwanza ni ujazo ambao betri iliundwa kuwa nao, wa pili ni ujazo inaoweza kufikia sasa ikijaa. Tuseme wa kwanza ni 50,000 na wa pili ni 41,000. Gawanya wa pili kwa wa kwanza, utapata asilimia 82, na hiyo ndiyo afya ya betri. Kwenye kompyuta nyingi mstari wa hesabu ya mizunguko nao umo papo hapo. Kwenye MacBook, habari hizi zimo katika taarifa za mfumo, sehemu ya umeme.

Ikiwa umepata 80 au zaidi na bado inazima ikiwa na 30, inawezekana kilichokosea ni kipimo. Ile asilimia unayoiona kwenye kioo ni makadirio ya saketi, na saketi ambayo kwa muda mrefu haijaona mwanzo wala mwisho wa betri hupotea hesabu. Hapo ndipo ushauri wa fundi wa pili unapofaa: ijaze mpaka 100, iache imejaa saa moja au mbili, itumie bila kukatiza mpaka izime, kisha ijaze tena bila kuikatiza. Fanya mara moja tu, kisha urudi kwenye desturi yako. Zoezi hilo husahihisha kipimo. Haliongezi hata tone la ujazo, na anayekuahidi kwamba litafufua betri anakupotosha.

Ukipata 50 au chini ya hapo, fundi wa kwanza ndiye mkweli. Seli zilizozeeka huwa na ukinzani mkubwa ndani yake, hivyo kompyuta inapodai nguvu nyingi kwa mpigo, volti huporomoka na mashine huzima ijapokuwa chaji ilikuwemo. Nunua betri mpya inayolingana na aina ya kompyuta yako, na epuka iliyokaa ghalani miaka mingi, kwani nimekwisha kueleza kwamba betri huzeeka hata isipotumiwa.

Nifanye nini chaji moja inifikishe jioni?

Punguza mwanga wa kioo kabla ya jambo lingine lolote. Kwa mtu anayeandika na kusoma, kioo mara nyingi ndicho mlaji mkuu, na tofauti kati ya mwanga kamili na nusu utaiona siku hiyohiyo. Baada ya kioo, tazama kivinjari: kurasa thelathini zilizoachwa wazi, baadhi zikicheza video au matangazo, hukifanya kichakato kisipumzike. Funga usizosoma. Washa hali ya kuokoa betri mapema, ingali na 60, wala usingoje 10. Ukijua hutaigusa kompyuta kwa saa kadhaa, usiifunike tu ikiwa imelala, bali izime kabisa, kwa sababu baadhi ya kompyuta zikilala huendelea kuamka zenyewe kutafuta taarifa mpya, na mwenye nayo huikuta begini ikiwa moto na tupu.

Nitakuwa safarini miezi mitano na kompyuta itabaki nyumbani. Niiache imejaa ili nikirudi nikute ina chaji?

Hapana. Iache kwenye asilimia 50 hivi, uizime kabisa, uchomoe chaja, na uiweke mahali pakavu pasipo joto. Ikiwa safari itapita miezi sita, mwombe mtu wa nyumbani aiwashe na kuirudisha kwenye 50.

Padi ya kugusa ya kompyuta yangu imeinuka upande mmoja, haibonyezeki tena vizuri, na nikiiweka mezani kompyuta inayumba. Bado inafanya kazi kama kawaida. Je, nikaze skrubu?

Ndugu yangu, usikaze chochote. Maelezo yako ni ya betri iliyovimba. Kile kimiminika nilichokitaja katika jibu la kwanza kinapovunjika hutoa gesi, na kwa kuwa seli za kompyuta nyembamba zimefungwa ndani ya mfuko laini, mfuko huo hufura na kusukuma kila kilicho juu yake. Mara nyingi padi ya kugusa ndiyo ya kwanza kuinuka, kwa sababu betri iko chini yake. Kompyuta kuendelea kufanya kazi kusikutulize. Ukikaza skrubu unaubana mfuko uliojaa gesi, na pande zile mbili za seli zikigusana ndani, moto huwaka kwa kasi ambayo hutaweza kuiwahi.

Hifadhi kazi zako sasa hivi kwenye diski ya nje au intaneti, kompyuta ikiwa nje ya umeme, kisha uizime. Usiichaji tena. Usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa gesi, wala usijaribu kuing'oa kwa bisibisi, maana betri nyingi hugandishwa kwa gundi na ncha ya chuma ndiyo inayozitoboa. Iweke juu ya kitu kisichoshika moto, kama sakafu ya saruji, mbali na nguo na karatasi, na uipeleke kwa fundi aliyezoea kazi hiyo kesho na mapema. Mwombe akuonyeshe betri akishaitoa, na uhakikishe haitupwi kwenye taka za kawaida, kwani ikibanwa na mzigo wa taka inaweza kuwaka huko. Ipelekwe panapokusanywa taka za vyombo vya umeme. Akishaweka mpya na kabla hujaichomeka mezani kwako, rudi kwenye jibu la kwanza, pale penye mpangilio wa asilimia 80.